Boila ya Nyumba ya Saiq

Saiq, Jabal Akhdhar
28 Novemba 2023

Kaka Thuwaini,

Shikamoo, na Mungu akupe afya wewe na mwanao Fawziya. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaingia mpaka ndani ya mito ya kulalia.

Simu hutaisikia, masikio yako umeyaacha kwenye viwanda vya watu, na mie kuandika kwa kidole juu ya kioo siwezi. Basi naandika kwa mkono, na Manar, mjukuu wa marehemu mume wangu Nasr, anaipiga picha anamtumia Fawziya. Manar ndiye anayekaa nami edani. Kiswahili hajui zaidi ya "njoo ule", kwa hivyo sema nami utakalo.

Haja yangu ni moja. Ijumaa alikuja Asaad, mwana wa marehemu mume wangu. Akakaa, akanywa kahawa, akazunguka weee, mwisho akasema: "Mama Ghaniya, wasia wa baba ni kwamba usitolewe nyumba hii maadamu inakalika. Lakini boila imekufa. Nyumba isiyo na joto juu ya mlima huu haikaliki kwa mtu wa umri wako. Eda ikimalizika itabidi ushuke." Nikamuuliza nani kasema imekufa. Akasema, "Mtaalamu." Mtaalamu gani huyo? Tangu Nasr azikwe hajaingia mlango huu mwanamume ila maharimu zangu, jamaa wasioweza kunioa. Kaiona kwa darubini?

Nasr ndiye aliyekuwa akiishughulikia ile boila. Kaanza kuugua mwaka jana, na tangu hapo haijawashwa. Mie sijui hata mlango wake unafunguka upande gani. Fundi wa nje siwezi kumtia ndani nami nimo edani. Lakini wewe umekula miaka thelathini na boila za wenzio, kutoka za meli mpaka za hospitali. Nifundishe niitazame mwenyewe, nikwambie ninachokiona, nawe unambie ina uhai au haina.

Nina miaka thelathini na tisa katika nyumba hii, kaka. Sikuzaa. Nikishuka, nashukia wapi?

Wako mdogo,
Ghaniya


Ibra
3 Desemba 2023

Kwa Ghaniya,

Marahaba. Mungu amrehemu Nasr na akupe subira. Barua yako imenifika, Fawziya kanikuzia maandishi kwenye simu yake nikasoma mara tatu.

Boila haihukumiwi kwa rangi wala kwa maneno. Ina mwili, ina damu, ina pumzi, na kila kimoja kina njia yake ya kupimwa. Tuanze na mwili.

Kwanza, tafuta kibao kidogo cha chuma kilichopigiliwa ubavuni, unisomee mwaka. Pili, ondoa lile bati la nje, linatoka kwa misumari minne, kisha gonga mwili wenyewe kwa kijiko. Ukilia kama sufuria, ni bati, na bati la umri huo halina maisha. Ukijibu kwa sauti fupi, nzito, ni chuma cha kusubu, na hicho hudumu. Tatu, pale vipande vinapoungana, tazama kama pana michirizi ya kutu, kama machozi. Chuma kinacholia kutu kimeshapasuka ndani.

Nne ni damu yake, yaani maji. Chini ya radieta ya ukumbini, lile bomba la joto la ukutani, weka bakuli jeupe, ulegeze ile skurubu ndogo, uchukue maji kiasi cha kikombe. Yakitoka meusi, boila inajila yenyewe.

Usiiwashe bado. Na usitie tamaa sana, mdogo wangu. Vyombo vya umri huo aghalabu huwa vimekwisha, na hakuna aibu katika hilo.

Nduguyo,
Thuwaini


Saiq
10 Desemba 2023

Kaka,

Shikamoo. Leo ungeniona ungecheka mpaka meno yakutoke. Ghaniya binti wa watu, kajifunga kanga kiunoni, kapiga magoti mbele ya boila na kijiko cha pilau mkononi.

Kibao nimekiona, kina vumbi la kupandia vitunguu. Mwaka ni 2008. Nasr aliinunua kwenye kambi ya wajenzi wa barabara walipofunga kazi, nakumbuka alivyoipandisha kwa gari ya mbuzi na mbuzi wenyewe wamo. Misumari minne ilinitoa jasho na kucha moja. Nikagonga. Hailii kama sufuria, wallahi. Inasema "du", basi, kama mtu unayemgonga mgongoni amenuna. Manar kagonga naye, tukagonga na sufuria ya kweli tupate kulinganisha. Chuma hicho, kaka. Chuma!

Machozi ya kutu hakuna. Nimepitisha tochi kila kiungo, nikapitisha na kitambaa cheupe, kimetoka na vumbi tu.

Maji: yale ya mwanzo yalikuwa na ukungu kidogo, kama ya kuoshea mchele mara ya pili. Kisha yakawa safi. Nimeyaweka bakulini mpaka asubuhi, chini yake hamna hata chembe nyeusi.

Sasa huyo mtaalamu wao asiye na jina, anayeziona boila za Saiq akiwa chini kwenye joto, ni mtu wa namna gani? Namuombea Mungu ampe macho, au ampe ulimi mfupi.

Kipimo gani kinafuata? Niko tayari.

Ghaniya


Ibra
17 Desemba 2023

Kwa Ghaniya,

Marahaba. Umefanya vyema kuliko vijana wengi niliowafundisha. Lakini mwili mzuri si hoja. Maiti nayo huwa na mwili mzuri.

Sasa pumzi. Mwambie Asaad akuletee dizeli, ndoo mbili zatosha. Kabla ya kuwasha, funga mlango wa chumba cha boila, kaa humo muda wa kusoma Yasini moja, unuse. Ukisikia harufu ya dizeli, bomba lake limepasuka, acha, mambo yamekwisha. Usipoisikia, fungua madirisha, mpeleke Manar aende akabonyeze kitufe cha kichomeo, wewe simama pembeni. Pana tundu la kioo kwenye mlango wa moto. Moto mwekundu wenye moshi ni mbaya. Unaorukaruka ni mbaya. Sikiliza: ikigugumia na kubisha kama birika, chokaa ya maji ya mlima imeshaziba njia zake, na hapo hakuna dawa.

Pana mshale wa presha. Uandike ulipo kabla ya moto, ulipo baada ya saa moja, na ulipo kesho yake. Ukishuka wenyewe kila siku, maji yanatoka mahali usipopaona. Mwisho, baada ya siku mbili uizime, ipoe, ufungue bomba la moshi uone masizi. Mazito, yenye mafuta, maana yake inakula dizeli bila kuisaga.

Ni vipimo vingi, najua. Chombo kikishindwa kimoja kati ya hivi, kimeshindwa vyote. Na uwe radhi na matokeo.

Thuwaini


Saiq
29 Desemba 2023

Kaka Thuwaini,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Imewaka! Ilikohoa mara mbili, ikanyamaza nikasema inna lillahi, kisha ikawaka, na Manar akapiga vigelegele mpaka nikamwambia nyamaza wewe, humu mna eda.

Nakujibu moja moja maana najua ulivyo. Harufu hakuna, na hapa pua yangu usiishuku. Mwezi wa pili huu sijagusa udi, sijachoma ubani, sijatia hata tone la mafuta ya mawaridi. Pua ya mke wa eda inanusa mpaka mawazo ya jirani. Dizeli ingekuwepo ningeijua. Moto ni wa manjano, umesimama wima, hautikisiki. Haigugumii, inanguruma sauti moja tu kama paka aliyeshiba. Mshale ulikuwa moja na nusu, baada ya saa ukafika karibu na mbili, ilipopoa ukarudi moja na nusu, na siku ya nne bado uko papo hapo. Masizi nimeyagusa kwa kidole: makavu, mepesi, ya kijivu, ukiyapuliza yanaruka.

Nimevua soksi, kaka. Tangu Nasr augue sijatembea bila soksi katika nyumba hii. Nimekaa ukumbini nimeegemea radieta nikalia, na kilio chenyewe sikukijua kama ni cha Nasr au cha joto.

Sasa basi. Niandikie waraka kwa Kiarabu, utie jina lako na kazi uliyoifanya na sahihi yako, kwamba boila hii nzima. Nimpe Asaad. Asaad anakuheshimu, na wazee wote chini wanakujua. Neno lako kwao ni sheria, na huyo mtaalamu wao atajificha chini ya zulia.

Usichelewe tafadhali. Eda yangu inamalizika mwanzo wa Machi.

Ghaniya


Ibra
21 Januari 2024

Kwa Ghaniya,

Marahaba. Nimechelewa, nilikuwa na homa, na Fawziya naye alikuwa na shughuli.

Waraka sitauandika kwa sasa. Chuma cha zamani hudanganya. Chaweza kuwaka siku mbili kikazima ya tatu, na wewe uko peke yako mlimani. Kimebaki kipimo kimoja. Ngoja baridi kali kabisa ya mwaka, uiwashe baada ya alasiri na usiizime mpaka adhuhuri ya kesho yake. Pima joto la nje na la ndani, na dizeli iliyotumika. Nina shaka itafika.

Nataka pia ufikirie jambo. Huku Ibra pana chumba kitupu, upande wa bustani, Fawziya kakipaka rangi. Hakuna baridi. Nina miaka sabini na minne, wewe sitini na saba, kwa nini tukae mbalimbali? Nyumba ni mawe tu.

Thuwaini


Saiq
28 Januari 2024

Kaka,

Shikamoo.

Alhamisi baridi ya barafu ilitushukia, maji ya birika la mbuzi yaliganda. Nikaiwasha baada ya alasiri kama ulivyosema. Nje ilifika moja chini ya sifuri. Ndani haikushuka chini ya ishirini na moja. Ilikwenda saa ishirini na mbili bila kukatika, na ndoo moja haikumalizika. Manar kapima kwa kijiti, nikapima tena mwenyewe kwa sababu wewe huamini mtu.

Haya. Kipimo gani tena? Niivue niiulize dini yake?

Kaka, nimezisoma barua zako zote upya, nimezipanga juu ya mkeka. Kila barua unanitayarisha kwa msiba. "Usitie tamaa." "Uwe radhi." "Nina shaka." Kila boila ikishinda, wewe unahuzunika. Fundi gani anahuzunika chombo kikiwa kizima?

Jana Asaad alileta unga na mafuta. Nikamkalisha ukumbini, akavua koti lake kwa joto, akavua na kilemba. Nikamwambia, mwanangu, unavua koti katika nyumba isiyokalika? Akatazama zulia. Nikamwambia nitajie huyo mtaalamu, nimtumie salamu. Akasema, "Mama, muulize mjomba Thuwaini."

Nikuulize nini? Mie si mtoto. Niandikie.

Ghaniya


Ibra
15 Februari 2024

Ghaniya, mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara sita.

Mtaalamu ni mimi.

Siku ya tatu ya matanga ya Nasr wanaume tulikaa kwenye sabla ya Birkat al Mauz, lile baraza la wanaume chini ya mlima, unajua kwamba sikupanda kwako, moyo wangu hauwezi ile njia. Watu walikuwa wengi. Asaad akausoma wasia wa baba yake, kwamba usitolewe maadamu nyumba inakalika. Wakaanza kubishana, hayo nimeambiwa baadaye, kama inakalika au haikaliki bila joto. Mie nilikuwa nimekaa kwenye mto wangu sisikii kitu, natazama midomo ya watu inavyokwenda, kama ninavyokaa kila mahali miaka sita hii. Hakuna anayeniuliza neno, Ghaniya. Wananiamkia, wananipa kahawa, wananigeuzia mgongo. Mara nikaona sabla nzima imenigeukia. Asaad akaandika nyuma ya karatasi: "Mjomba, wewe ndiye bingwa. Ile boila ya juu ina maisha?" Vikombe vimesimama. Wazee wote wananitazama mdomoni.

Ningesema "sijui, sijaiona", ningekuwa mtu mzima mwenye akili. Nikasema: "Imekwisha. Ya umri ule ni bati tupu." Nikasema kwa sauti kubwa, maana sauti yangu siisikii. Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema kitu kizuri kunihusu, niliona kwa uso wake. Nikafurahi. Mungu anajua, nilifurahi.

Na mengine yakafuata. Yupo mtu wa Nizwa, Azzan, anayetaka nyumba ya kupokea wageni wa mlimani. Tarehe 20 Novemba warithi wakamuuzia, na mie nikatia sahihi kwa niaba yako, kwa ile hati ya uwakala uliyonipa juma la matanga nikusimamie mirathi. Nilijisemea nitakwambia pole pole. Siku nane baadaye ikaja barua yako na kijiko chako.

Nyumba ilikuwa imeshauzwa kabla hujaishika kalamu. Vipimo vyote vile havikuwa na faida yoyote. Nilikuwa natafuta kosa, Ghaniya. Kosa moja tu, machozi ya kutu, maji meusi, chochote, nikwambie unaona, nilisema kweli, nawe ushuke kwa moyo mtulivu. Kila ulipoandika "nzima", nilikuwa naona aibu na naongeza kipimo. Boila ile ni nzima kuliko yoyote niliyoiacha katika kazi yangu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mie nimezeeka sikuelewa.

Nimemwandikia Azzan nimwombe aturudishie. Kakataa, kwa adabu. Ameshaagiza vitanda. Ukitaka kwenda kwa kadhi, una haki. Nitakuja nisimame niseme nilichokifanya.

Chumba kipo. Niwie radhi, ndugu yangu. Nipe radhi zako.

Thuwaini


Saiq
10 Machi 2024

Kaka Thuwaini,

Shikamoo.

Eda imekwisha juzi. Nimeoga, nimevaa nguo ya rangi, Manar kanifukiza udi. Wanawake wa jirani walikuja na halwa na makomamanga ya kukausha, wakanikuta nafunga masanduku.

Kwa kadhi siendi. Nimelifikiri jambo hilo majuma matatu. Nikienda, nitasimama mbele ya watu wa Nizwa niseme kaka yangu, mtoto wa baba yangu, alisema asilolijua ili asifiwe. Watakucheka, na wakishacheka, nyumba watampa yule mwenye vitanda. Anayo karatasi, na karatasi ina sahihi yako juu ya jina langu. Maji yamemwagika.

Nilipoisoma barua yako sikulia. Nilikwenda chumba cha boila nikakaa na lile "du" lake. Nilitamani siku ile ya kwanza ungenijibu mstari mmoja: "Ghaniya, imeshauzwa, mie ndiye niliyeuza." Ningelia Novemba, nikamaliza. Wewe ukanipa miezi mitatu ya kuipenda nyumba yangu upya. Hilo ndilo linaloniuma, kaka. Nyumba ningeisamehe.

Jana Azzan alimleta fundi wake kutoka Nizwa. Haikunilazimu, lakini nilimwonyesha kila kitu. Kitufe kilipo, skurubu ya ukumbini isikazwe sana, mshale uachwe moja na nusu. Nimemfundisha yote uliyonifundisha. Kakaa saa nzima na tochi yake, akatoka anafuta mikono, akasema: "Mama, hii ina miaka ishirini mbele yake. Nani aliyesema imekufa?"

Nikamwambia simjui.

Ibra siji. Mwambie Fawziya ahsante kwa rangi. Asaad kanipa chumba kwake Birkat al Mauz, nyuma, karibu na jiko. Kitaniweka.

Umeniomba radhi. Nimezitafuta, Mungu shahidi yangu, sijaziona. Kila nikimaliza kusali natazama ndani ya moyo, naona bado. Nitaendelea kutazama, maana sina ndugu mwengine. Ukitangulia wewe kabla sijaziona, nitakuja kukulilia kama inavyotakiwa. Nikitangulia mie, maharimu wangu wa damu ni wewe peke yako. Moyo wako utake usitake, ipande hiyo njia uje uniingize kaburini kwa mikono yako, maana nimemwambia Asaad anizike huku Saiq, kando ya Nasr.

Gari limefika, Asaad anapakia.

Ghaniya